Kazi Njema Katikati ya Kelele

Somo letu la leo latoka Matendo ya Mitume, sura ya 18, mstari wa 1 hata wa 4.

Tukipita sokoni Keroka, mahali zinapopakana kaunti za Kisii na Nyamira, twaona veranda ambazo mafundi wa cherehani wameketi bega kwa bega. Mbele yao makanga wanaita abiria wa Kisii na wa Sotik. Bodaboda zinanguruma, redio mbili zinashindana, na mhubiri amesimama na kipaza sauti. Katikati ya hayo yote fundi ameshika mkasi. Kitambaa kilicho mezani si chake. Ni cha mama wa Nyansiongo aliyechuma majani chai miezi mingi ili mtoto wake apate sare ya shule. Mkasi ukipotoka mara moja, kuomba radhi hakutakiunga kitambaa kile kiwe kizima tena.

Basi mtu afanyeje kazi njema mahali kama hapo? Wengi wetu husema, "Mungu akinipa chumba changu mwenyewe, nitafanya vizuri." Lakini wengi hatujakipata chumba hicho, na kazi yatakiwa leo.

Na tumtazame Paulo. Alifika Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili, akakaa kwa Akila na Priskila. Wakafanya kazi pamoja, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema. Akila na mkewe walikuwa wametoka Italia, kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Rumi. Kwa hiyo, pamoja na kelele za mji, walikuwa na mambo ya kuusumbua moyo: hasara, ugeni, na mashaka ya kesho. Hata hivyo mahema yalishonwa, na kila sabato Paulo alihojiana na watu katika sinagogi.

Hapa twajifunza mambo mawili.

Kwanza, utulivu wa kazi hauanzi masikioni. Huanza kwa kujua kazi hii ni ya nani. Katika Wakolosai, sura ya 3, mstari wa 23, Paulo anatufundisha kwamba kila tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Fundi anayemkumbuka Bwana, na yule mama, atapima mara mbili kabla ya kukata. Vipimo ataviandika daftarini, asiviachie kumbukumbu. Akiitwa ghafula, ataweka mkasi chini kwanza, ndipo aitikie.

Pili, na hili ni gumu zaidi, sisi nasi ni kelele kwa jirani. Redio ya mwenzetu twaiita fujo, lakini yetu tukiipandisha twasema ni nyimbo za injili. Simu ikilia, twapaza sauti kana kwamba tunamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Twamletea jirani habari za watu, naye yuko katikati ya kuhesabu inchi. Akikosea, atakayelipa kitambaa ni yeye. Lakini mbele za Mungu, je, sisi hatumo katika kosa lile? Kumpenda jirani ni pamoja na kumwachia nafasi ya kufanya kazi yake vema.

Kwa hiyo, wapendwa, kesho asubuhi kabla ya kuanza kazi, tumwambie aliye karibu nasi: "Ndugu yangu, ukitaka kukata, niambie nipunguze redio." Ni neno dogo, lakini kwa neno hilo veranda yaweza kuwa mahali pa amani, hata barabara isiponyamaza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya mikono huko Nazareti, utupe moyo uliotulia na mikono iliyo aminifu. Utufundishe kuitunza kazi ya jirani kama yetu wenyewe. Amina.