Namba Iliyobeba Msuguano Wote

Wahandisi wapya mnaohitimu leo, niruhusuni niseme nanyi kuhusu namba moja inayonikera.

Pampu iliyo mita 1,500 chini ndani ya kisima cha mafuta huvutwa kwa fimbo za chuma zilizoungwa moja baada ya nyingine, na chuma kirefu kiasi hicho hunyumbuka. Mtetemo husafiri ndani yake karibu mita 5,000 kwa sekunde, hivyo mvuto wa juu huifikia pampu baada ya kama theluthi ya sekunde, na mzigo tunaoupima juu si ule ulioko chini. Mwaka 1963 mtafiti Sam Gibbs alichapisha njia ya kukokotoa mwendo wa fimbo hizo kwa mlinganyo wa wimbi. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini msuguano wote, wa mafuta na wa chuma kwa chuma, umebebeshwa kigezo kimoja, ndiyo namba inayonikera, nasi wahandisi tumezoea kukisogeza mpaka mchoro wa pampu, yaani wa mzigo wake dhidi ya mwendo wake, upendeze. Kikizidi, mchoro hukonda, kikipungua, hunenepa, pampu yenyewe haijabadilika hata kidogo. Kisima kikipinda, fimbo husugua bomba kwa nguvu isiyofuata kasi kama mlinganyo unavyodhani. Mchoro hunenepa, tukaisifu pampu kwa nguvu ambayo kwa kweli inalila bomba.

Mtanijibu kwamba mlinganyo huo umetumika miongo mingi. Ni kweli, na kwa kisima kilichonyooka nautetea. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 maabara ya Sandia ya Marekani ilishusha vipimo kati ya fimbo ili mzigo wa chini ujulikane kwa kupimwa, si kwa kukokotolewa tu. Mwingine atasema kipimo cha chini ni ghali, maana lazima fimbo zing'olewe. Sawa. Basi pimeni mpindo wa kisima, mlinganishe hesabu na mafuta yanayoingia tangini. Wale mtakaofanya kazi Turkana au Ziwa Albert, kumbukeni mafuta ya huko yana nta nyingi na huganda yakipoa. Mkitumia pampu ya fimbo huko, msuguano wake hautakuwa mmoja toka chini hadi juu.

Katika ripoti zenu andikeni kigezo hicho mmekipata wapi. Mkuu wa kazi akiwataka mkibadilishe ili mchoro upendeze, kataeni.