Ndoo ya Dharura Kabla Mto Tana Haujafurika

Mazungumzo na wakazi wa kando ya mto kuhusu kujiandaa kwa msimu wa mvua



Aliyekulia kando ya Mto Tana anajua jambo ambalo mgeni haliamini mpaka alione: mafuriko huweza kufika Garsen huku jua likiwaka. Mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, maji yakajaza mabwawa matano ya Seven Forks, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ziada ikateremka kupitia Madogo, Bura na Hola hadi delta. Kwa hivyo KenGen ikitangaza kwamba Masinga imejaa, tangazo hilo linamhusu mtu wa Hola kuliko wingu lililo juu ya paa lake.

Maji hayo huchukua siku kadhaa njiani. Bahati mbaya, siku hizo nyingi huishia kwenye mabishano ya kuhama au kungoja, na maji huingia usiku watu wakiwa bado wanabishana. Aprili 2024, barabara ya Garissa hadi Madogo ikiwa imefunikwa na maji, mashua iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda na watu wakapoteza maisha. Familia iliyofungasha mapema huondoka barabara ikiwa bado inapitika.

Cha kufungashia ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, ile ya mafuta ya kupikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na ndoo ni bora kuliko mfuko hata hivyo: haipenyi maji, hubebwa kichwani, na ikishafunguliwa kambini huwa chombo cha kuchotea maji. Vingi vya kuwekwa ndani tayari vimo nyumbani.

Kwanza ziingie karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto na hatimiliki kwa aliye nayo. Godoro hupatikana tena. Aliyepoteza kitambulisho hupanga foleni polisi, kisha kwa msajili, na wakati huo laini ya simu ikipotea hata pesa zilizo kwenye M-Pesa ni shida kuzifikia. Karatasi zipigwe picha kwa simu na kutumiwa jamaa anayeishi mbali na mto.

Pili ni dawa. Mwenye presha, kisukari, kifua kikuu au anayetumia ARV awe na akiba ya angalau wiki moja, na aizungumzie na mhudumu wa kliniki kabla ya msimu. Ziwekwe pakiti za ORS pia. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, humsaidia mtoto anayeharisha wakati akipelekwa hospitali. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kuhusu maji ya kunywa, orodha nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye magari hupendekeza lita tatu kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu. Kwa familia ya watu sita hizo ni lita 54, karibu mitungi mitatu ya lita 20. Nani ataibeba, ikiwa mama ana mtoto mgongoni na baba anamshika nyanya mkono? Afadhali kubeba ya siku ya kwanza pamoja na dawa ya kutibu maji, itumike kama lebo inavyoelekeza. Maji ya mto yana matope: yaachwe yatulie, yachujwe kwa leso safi, ndipo yatiwe dawa au yachemshwe. Kipindupindu hupenda sana kambi zenye maji machafu.

Vingine ni tochi na betri, kiberiti kilichofungwa vizuri, redio ndogo, chaja, sodo, sabuni, chandarua, leso mbili, na chakula kisichohitaji moto mwingi. Tochi isidharauliwe. Mafuriko huwatoa nyoka mashimoni nao hutafuta pakavu palepale watu wanapokimbilia, na mamba hufuata maji hadi mashambani.

Sasa wanyama. Wafugaji hawahitaji kufundishwa kupeleka ng'ombe na mbuzi malishoni kwenye mwinuko. Wao huwa wa kwanza kuhama. Wanaosahaulika ni wanyama wa uani: mbwa, paka, kuku na punda. Mbwa aliyefungwa mnyororo hana njia ya kujiokoa, na mara nyingi kijana wa nyumba hurudi majini kumtafuta. Hapo hatari huwa ya watu wawili. Kamba ya mbwa itundikwe karibu na mlango, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ndani ya ndoo, kwa sababu kambini mbwa asiyejulikana huogopwa, na ni haki. Paka huingia kwenye kikapu chenye kifuniko, kuku kwenye tenga. Punda abebe maji na wazee, asiachwe nyuma. Chifu aulizwe mapema kama pale pa kuhamia pana nafasi ya wanyama. Ikiwa haiwezekani kabisa kumchukua mnyama, afunguliwe na mlango wa zizi uachwe wazi. Kuogelea atajaribu; kufungua fundo hawezi.

Jioni moja kabla ya mvua, familia ikae igawane kazi: nani anabeba ndoo, nani anamshika mtoto mdogo, nani anafungua mbuzi, na njia gani inaelekea juu bila kuvuka lagha. Atakayekuwa shambani au shuleni siku hiyo ajue pa kukutania. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bila malipo. Iandikwe ndani ya mfuniko, maana simu huzima.

Ndoo iwekwe karibu na mlango, juu ya meza au kabati. Ifunguliwe mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, ili betri zijaribiwe, dawa zilizopitwa na tarehe zitolewe, na nguo za mtoto zibadilishwe kwa zile zinazomtosha sasa.