NILIYOSEMA JUMAPILI KUHUSU LESENI, TOZO NA DAFTARI LA MAUZO



Nawatumia maneno yangu ya mkutanoni kwa ajili ya wasiofika. Najua wengi mlikuwa dukani.

Ilisemwa kwamba Serikali haimtaki mfanyabiashara mdogo. Sikubaliani na hilo lote. Mwaka 2018 Serikali yenyewe ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule wa Blueprint, ikakiri kwamba taasisi zake zinaingiliana na tozo ni nyingi. Mfano: mwenye kusaga karanga au kufungasha viungo alikuwa na TFDA mlangoni na TBS mlangoni, kwa bidhaa ileile. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula uko TBS. Na ukaguzi tunauhitaji. Nani anataka mtoto wake ale karanga zenye sumukuvu?

Kinachoumiza ni kila ofisi kuja na siku yake na karatasi yake: leseni, afya, zimamoto, vipimo. Mwenye kampuni ana karani wa kuzunguka ofisi hizo. Mama lishe akienda kufuatilia, jiko limezimwa. Ada ikiwa ndogo, juu yake kuna mauzo ya siku nzima yaliyopotea, na hayo hayaandikwi kwenye risiti yoyote.

Sasa kodi ya mapato, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mfanyabiashara binafsi (si kampuni) ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyeweka kumbukumbu analipa 100,000. Anayeweka analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, ni 30,000. Yaani kaunta buku na risiti za manunuzi zimekuokolea 70,000! Ukiuza milioni 9, bila kumbukumbu ni 250,000. Ukiwa nazo ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya milioni 2, jumla 150,000. Bajeti ikibadilisha viwango, rudieni hesabu kwa njia hiyohiyo. Andikeni mauzo kila jioni, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka.

Kamati imekubaliana tumwombe Diwani mambo mawili: orodha ya ada na tozo zote ibandikwe ofisi ya Mtendaji wa Kata, na wakaguzi wapangiwe kuja pamoja. Hatuwezi kwenda na malalamiko matupu. Kila mwenye biashara aniletee nakala za risiti zote alizolipa mwaka jana, na aandike pembeni siku alizofunga kwa ajili ya kufuatilia. Nitajumlisha mwenyewe.

Aliyelipishwa bila kupewa risiti aje tuonane ana kwa ana. Hilo msiliweke kwenye magrupu.

Katibu wa Tawi