Ziwa Tulivu Nalo Huzamisha: Usalama wa Wapiga Kasia wa Duluti



Chini ya Mlima Meru, karibu na barabara kuu iendayo Moshi, limelala Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta ambalo eneo lake halifiki kilomita 1 ya mraba, nalo limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wageni huja hapo kupiga kasia kwa mitumbwi midogo. Kwingineko duniani, maziwa ya namna hii yamepata pia mchezo wa ubao wa kasia, ambapo mtu husimama juu ya ubao mpana unaoelea na kujisukuma kwa kasia refu. Mchezo huo katika sura yake ya sasa ulitoka Hawaii, lakini kusimama chomboni na kukisukuma kwa upondo si jambo geni kwa wavuvi wa Afrika Mashariki.

Maziwa ya kreta huvuma kwamba hayana mwisho. Vipimo vya wataalamu vimeonyesha kwamba kina cha Duluti ni takriban mita 9 tu. Tarakimu hiyo isimfariji mtu. Mita 9 ni karibu mara 5 ya kimo cha mtu mzima, na asiyejua kuogelea hahitaji hata hizo. Mita 2 zamtosha. Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Hatari ya ziwa dogo haimo katika mawimbi, bali katika utulivu wake. Mtu huona ng'ambo, akadhani anaweza kufika. Asubuhi maji hutulia kama kioo. Jua likipanda, upepo huanza kuvuma kati ya mlima na tambarare. Karibu na ukingo miti huuzuia, hivyo mpiga kasia huuhisi akiwa tayari katikati. Aliyesimama juu ya ubao hugeuka tanga: mwili wake hushika upepo, na ubao husukumwa asikotaka.

Kwa hiyo anayejifunza huanza kwa kupiga magoti. Akisimama, huiweka miguu sambamba, huyakunja magoti kidogo na kutazama mbele, wala si miguuni. Upepo ukizidi, hurudi magotini. Kifundo chake hufungwa kwa kamba iliyoshikamana na ubao, kwa sababu ubao mtupu husukumwa na upepo upesi kuliko mtu awezavyo kuogelea, na ubao huohuo ndio boya lake akianguka. Juu ya yote, jaketi okozi huvaliwa na kufungwa vifungo kabla ya kuondoka ukingoni. Jaketi lililowekwa chini ya kiti cha mtumbwi halijamwokoa mtu.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mgeni aliyelipia safari hudai jaketi, naye hupewa. Mtoto wa jirani anayeteremka kuoga, au kijana anayevua kwa mtumbwi wa kuazima, hana wa kumvisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu 236,000 walikufa maji duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Haifai ziwa liwe salama kwa apitaye na liwe kaburi kwa aliyezaliwa kando yake. Mzazi ana wajibu wa kutomwacha mtoto peke yake ukingoni. Mwenye mtumbwi ana wajibu wa kutompakia mtu asiye na jaketi, awe mgeni au mwanakijiji. Na mkutano wa kijiji ndipo pa kuuliza ni nani atakayewafundisha watoto kuogelea.

Mtu akizama, mwokoaji asikimbilie kujitosa, kwani anayezama humng'ang'ania amfikiaye na wote wawili wakaangamia. Anyooshe mti mrefu au kasia, au arushe dumu tupu lililofungwa kifuniko na kamba. Mwingine apige simu 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeopolewa asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili kutoa maji; huko ni kupoteza muda. Ikiwa hapumui, alazwe chali, apulizwe pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua bila kuchelewa, hadi msaada ufike.

Ziwa ni urithi wa wakazi, na furaha ya kupiga kasia ni yao kabla ya kuwa ya mgeni. Urithi huo hautadumu kwa kuogopwa, bali kwa kujulikana: kila mtoto ajue kuelea, na kila chombo kisiondoke ukingoni mpaka aliyemo amefunga kifungo cha mwisho.