Jina Lililoandikwa Usoni

Kama uko njiani na kikapu chako kuelekea shambani, au ungali jikoni ukingoja maji yachemke, nipe dakika chache. Leo tuzungumze juu ya saa ya mkono.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na mji wa Kericho. Alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake saa 14 zimepangwa juu ya kitambaa. Moja imeandikwa Rolex, nyingine Omega, nyingine Patek Philippe. Ungedhani umeingia katika duka la Geneva. Lakini zote zilikuwa bandia. Wala si kwamba wachuuzi walimdanganya. Alizinunua moja moja, Kericho na Nairobi, akijua kabisa anachonunua.

Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, mtu mzima kama wewe, wakusanyia nini vitu vya bandia?" Hakukasirika. Alicheka, akanimiminia chai, akaanza kunieleza.

"Kwanza," alisema, "piga hesabu." Rolex ya kweli, ile ya chuma ya wapiga mbizi, huuzwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Mkulima akilipwa shilingi 20 kwa kilo ya majani mabichi, hizo ni kilo 50,000. Akichuma kilo 25 kwa siku, ni siku 2,000. Yaani zaidi ya miaka 5 bila kupumzika hata Jumapili moja, na bila kula.

Pili, hofu. Mwenye saa ya milioni hana raha ndani ya matatu wala sokoni. Lakini ya shilingi 1,500 ikipotea, utasikitika mpaka jioni tu.

Tatu, na hapa macho yake yaling'aa, ni kupenda kazi ya fundi. Alichukua bisibisi ndogo akazifungua mbele yangu. Nyingine zilikuwa za betri, na mshale wa sekunde huruka hatua kwa hatua. Nyingine zilikuwa na mashine inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na mshale wake huteleza. "Nani atathubutu kufungua saa ya milioni ili ajifunze?" aliniuliza. Historia yake aliijua pia. Alinisimulia jinsi Rolex walivyotoa saa isiyoingia maji mwaka 1926, na jinsi mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, alivyoingia nayo mwaka 1927 katika maji ya baridi kati ya Uingereza na Ufaransa, nayo ikatoka bado inakwenda. "Usione vyaelea," alisema, "vimeundwa."

Nilimkumbusha kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2008 juu ya bidhaa bandia, na kwamba mwenye kuziuza aweza kufungwa hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza. Akanijibu, "Mimi siuzi. Najua ni bandia, na wewe sasa unajua. Nimemdanganya nani?"

Ndugu yangu, nilikosa jibu. Nilimaliza chai yangu nikaenda zangu. Jibu lilikuja baadaye, na lilikuja kwa uchungu.

Mwalimu alifariki. Mwezi wa Januari uliofuata, mjukuu wake akapata nafasi ya kidato cha kwanza. Karo haikuwapo. Ndipo mjane wake, ambaye sote twamwita Mama, alipolikumbuka lile sanduku. Miaka yote alikuwa akilipangusa vumbi. Hakuwahi kumwuliza mumewe, na mumewe hakuwahi kumwambia. Lakini alikuwa amesikia watu wakisema kwamba Rolex ni mali. Akalifunga sanduku katika leso, akapanda matatu, akaenda kwa fundi wa saa.

Fundi yule alikuwa mtu mwema. Alizifungua zote, moja baada ya nyingine, akazirudisha mahali pake. Kisha akasema taratibu, "Mama, hizi zote pamoja hazifiki karo ya muhula mmoja. Na kuziuza kwa majina haya ni kosa."

Jioni ile Mama alikuja kwangu. Hakulilia pesa. Aliniuliza swali moja tu: "Je, mume wangu alidanganywa miaka yote hii, au ni yeye aliyenidanganya mimi?"

Nilimweleza yote. Mwalimu hakukusudia ubaya hata kidogo. Lakini tazama jambo hili. Ukweli wa saa zile ulikuwa vichwani mwa watu wawili tu, na uongo ulikuwa umeandikwa kwenye nyuso za saa 14. Mmoja wa wale wawili alipozikwa, ukweli wake ulizikwa naye. Wa pili, yaani mimi, alinyamaza. Uongo ukabaki juu ya kabati ukimngoja mjane.

Sisi wa nchi ya chai tunalijua jambo hili. Mtu aweza kupanga majani mawili na chipukizi juu ya kikapu, na chini akaficha majani magumu. Njia nzima atasifiwa. Lakini kituoni kikapu humwagwa mezani, na mara nyingi mwenye kuaibika ni mtoto aliyetumwa kukipeleka.

Sisemi kwamba kupenda saa ni dhambi. Mungu ndiye aliyetupa jicho la kupenda kitu kilichoundwa vizuri. Ziko saa za bei nafuu zinazofanana na zile mashuhuri, lakini zimeandikwa jina la mtengenezaji wake mwenyewe. Hizo hazimshuhudii mtu uongo. Na kama tayari unazo za bandia, mwambie mkeo, waambie watoto. Andika kikaratasi, ukiweke ndani ya sanduku. Usimwachie mwingine kazi ya kuugundua ukweli wako.

Labda utauliza, karo je? Majirani tulichanga, na kijana akaenda shuleni. Alikwenda na saa mkononi, lakini si mojawapo ya zile 14. Ilikuwa Seiko 5 yenye mikwaruzo, ambayo Mwalimu aliivaa kila siku darasani na hakuiweka kamwe sandukuni. Fundi aliitega sikio, akasema, "Hii ni yenyewe." Bei yake ni ndogo, lakini jina lake ni lake.

Msikilizaji mpendwa, leo utakapoulizwa saa ngapi na kuutazama mkono wako, jiulize na hili: je, watu wa nyumbani mwangu wanajua kilicho ndani yangu, au wanasoma tu jina la usoni?

Mungu atujalie ujasiri wa kusema kweli tungali hai. Amina. Kwaheri, mpaka tutakapokutana tena.