Fedha Mkononi mwa Kaya Maskini: Tuliyojifunza Ugogo

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za diakonia za sharika na wageni wahisani)



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo limeleta mabishano katika vikao vyetu: je, ni vyema kumpa maskini fedha taslimu badala ya mahindi, mbuzi au mabati? Tunakiri tangu mwanzo kwamba sisi wa ofisi ya miradi tulikuwa miongoni mwa waliosema hapana. Tulisema fedha itanyweka, mahindi yataliwa. Leo tunaomba kueleza kwa nini tumebadili msimamo, na ni mashaka gani ambayo bado tunayo.

Kaya isiyo na shilingi mwezi Januari

Wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa habari ya njaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na katika sehemu kubwa ya Ugogo haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wazee wetu walizipa njaa majina ili zisisahaulike. Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita kuchukua vyakula na mifugo, bado inatajwa.

Lakini hata katika mwaka wa kawaida ipo miezi migumu. Mtama na uwele wa mwaka jana umekwisha, wa mwaka huu ungali magotini. Mwezi huo wa Januari ndipo shamba linapotaka palizi, na ndipo mama asiye na shilingi anapoliacha shamba lake na kwenda kufanya kibarua kwenye shamba la jirani ili apate debe la kupikia. Shamba la jirani linapaliliwa, lake linamezwa na majani. Mwezi Mei jirani anavuna, yeye anavuna kidogo, na Januari nyingine inamkuta palepale. Wengine huuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, wengine huuza mbuzi wa mwisho. Mtoto huachishwa shule akachunge ng'ombe wa watu.

Ndugu wajumbe, tukiitazama hali hiyo kwa makini tunaona kwamba kinachomrudisha nyuma mama huyu si uvivu. Amekosa fedha kidogo kwa wakati ambapo fedha hiyo ingemwezesha kubaki shambani kwake.

Mfano wa Chamwino

Si lazima twende mbali kutafuta mfano. Serikali kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ilipotaka kujaribu uhawilishaji wa fedha kwa masharti, Chamwino ilikuwa moja ya wilaya tatu zilizochaguliwa, pamoja na Bagamoyo na Kibaha. Malipo yalianza Januari 2010. Kaya zilipokea kila baada ya miezi miwili kiasi cha kati ya dola 12 na 36 za Marekani kulingana na idadi ya watoto na wazee. Masharti yalikuwa matatu: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wenye umri wa kusoma waende shule, na wazee wa miaka 60 na zaidi wapimwe afya angalau mara moja kwa mwaka. Kamati za wanakijiji wenyewe ndizo zilizosaidia kuwatambua walengwa na kufikisha malipo.

Jaribio hili lilifanyiwa tathmini ya kweli. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura: 40 vikapata fedha, 40 vikasubiri, kisha hali zikalinganishwa. Matokeo yake yanatufundisha mengi. Watoto wa chini ya miaka mitano waliugua siku chache zaidi, hasa katika kaya zilizokuwa maskini kupita nyingine. Watoto wengi zaidi waliandikishwa shule na kumaliza darasa la saba. Kaya zilinunua kadi za bima ya afya kuliko zile za vijiji vilivyosubiri, na watoto walivalishwa viatu. Aidha, walengwa waliongeza mifugo wakaanzisha miradi midogo.

Jambo lililotushangaza ni kwamba fedha hiyo haikuishia kwenye chungu. Sisi tulidhani mtu mwenye njaa akipata fedha atakula yote. Kumbe sehemu yake ilikwenda kwenye kinga: kadi ya matibabu, viatu, kuku. Maskini naye huitafakari kesho, ila mara nyingi hana cha kuiwekea.

Jaribio hilo ndilo lililozaa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao TASAF Awamu ya Tatu ulizinduliwa nao hapa Dodoma Agosti 2012. Mpango ulifikia zaidi ya kaya milioni moja nchini. Ruzuku ya msingi ilikuwa Sh. 10,000 kwa mwezi, ikiongezeka kwa ajili ya watoto, na wenye nguvu waliongezewa ajira za muda kwa Sh. 2,300 kwa siku. Wenzetu wa Zanzibar nao walianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi.

Somo la gunia la mahindi

Sasa turudi kwetu wenyewe. Msimu mmoja wa njaa tuligawa mahindi katika mtaa mmoja wa usharika. Siku ya tatu tulirudi kuona hali, tukamkuta mjane mmoja gulioni anauza karibu nusu ya mahindi tuliyompa, tena kwa bei ya chini sana kwa kuwa kila mtu siku hiyo alikuwa na mahindi ya kuuza. Tulikasirika. Mjumbe mmoja alisema jina lake lifutwe.

Mwinjilisti wa mtaa ndiye aliyetutuliza. Alituomba tumwulize kwanza. Yule mama akajibu kwa upole, "Baba, mahindi nimeshukuru. Lakini mashine haisagi bure, chumvi hainunuliwi kwa mahindi, na mtoto amerudishwa shule hana daftari." Tukanyamaza. Sisi tulinunua yale mahindi, tukalipia lori, magunia na vibarua wa kupakua. Naye akaiuza sehemu yake kwa bei ya kutupa ili apate kile ambacho tungeweza kumpa moja kwa moja.

Tangu hapo tulianza kutembelea kaya zinazopokea ruzuku na kuuliza maswali ya kawaida: jana mmekula nini, nani ameamka mapema, nani amekwenda shule. Bibi mmoja aliyeachiwa wajukuu watatu alituhesabia kwa vidole matumizi ya malipo yake: kwanza deni la dukani, pili kusaga, tatu sabuni na sare ya yule mkubwa, na kilichobaki tetea wawili. Tulimwuliza ni kitu gani kimebadilika kuliko vyote. Hakutaja chakula. Alisema, "Sasa mwenye duka ananikopesha." Alikuwa amerudishiwa heshima ya mtu anayeaminika kwamba atalipa. Hilo hatujawahi kuliona kwenye fomu yoyote ya mradi.

Maswali yanayoulizwa

Je, hawatanywea pombe? Wapo watakaofanya hivyo, kama walivyo wanywaji miongoni mwa wenye mishahara. Lakini wapokeaji wengi wa mpango huu ni akina mama, na matokeo ya Chamwino tumeyasikia.

Je, hawatakuwa wavivu? Kwa kiasi kama hicho hakuna anayeweza kukaa bure. Tulichoona ni mtu kuacha kibarua cha dhiki ili apalilie shamba lake. Huko ni kuongeza kazi.

Je, bei hazitapanda sokoni? Hili ni swali zuri. Huko Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 kiasi cha karibu dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia masoko ya eneo lile. Bei zilipanda chini ya asilimia moja, na hata majirani wasiopewa kitu walinufaika, kwa kuwa fedha ilizunguka kwa fundi, muuza duka na mkulima. Hata hivyo, jibu hilo ni la mahali ambapo bidhaa zinafika. Kijiji ambacho gulio liko mbali na ghala ni tupu, fedha peke yake haitoshi. Huko tupeleke chakula bila kuona aibu.

Mashaka yetu

Hatukuja kusifu tu. Kwanza, kiasi ni kidogo, na malipo yakichelewa mlengwa huingia kwenye deni kwa kutegemea siku iliyotajwa. Mahindi yanayokuja Januari yanasaidia kuliko fedha inayokuja Juni.

Pili, masharti humwumiza aliye mbali. Mama anayekaa saa tatu za mguu kutoka zahanati si mzembe kuliko aliye jirani nayo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni orodha. Katika awamu ile ya kwanza ya mpango takribani asilimia 30 ya vijiji vilikuwa havijafikiwa, hadi sehemu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020 ilipolenga kuvifikia vyote. Kwa upande mwingine, uhakiki uliziondoa kaya nyingi ambazo hazikuwa na sifa. Tusiinyoshee serikali kidole. Sisi wenyewe tumewahi kupokea orodha ya usharika ambayo ndani yake kulikuwa na shemeji wa mjumbe, na mama mlemavu aliyekaa nyuma ya kanisa lilelile hakuwamo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliandikwa wanaoonekana kwenye ibada, na yeye hakuwa na nguo ya kujia.

Kanisa la kwanza lilikutana na tatizo hilohilo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yaliyofuata. Mitume hawakufuta mgawo wala hawakuwakemea wajane. Walitengeneza utaratibu na kuchagua watu wa kuusimamia. Huo ndio mwanzo wa kazi hii tunayoiita diakonia.

Tunaloliomba

Wahisani wetu wametutaka tujibu kabla ya mwisho wa robo hii kama tuko tayari kutumia sehemu ya mfuko wa njaa kwa njia ya fedha. Ofisi haiwezi kujibu bila ninyi. Tunapendekeza mambo matatu.

Moja, kwa msimu ujao wa Desemba hadi Machi, sharika zilizo karibu na gulio na mashine zitoe nusu ya msaada kwa fedha, nusu kwa chakula. Zilizo mbali ziendelee na chakula.

Mbili, orodha isomwe hadharani, katika mkutano wa mtaa wenye Wakristo na wasio Wakristo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kila mjumbe mwenye ndugu ndani yake atamke. Aidha, wajumbe wawili wapite nyumba hadi nyumba kuwatafuta wasiofika kanisani.

Tatu, malipo yatangazwe tarehe, na tarehe iheshimiwe. Kama ofisi haina fedha mkononi, isitangaze.

Ndugu wahisani, mtakosa picha ya lori limesimama mbele ya kanisa. Tutawaletea badala yake daftari la mahesabu na habari za shamba lililopaliliwa kwa wakati. Tunaomba mridhike nazo.

Na ninyi wajumbe, yule mama mlemavu aliandikwa mwaka uliofuata. Kwa mwaka mzima alikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Kabla ya kubishana kama apewe fedha au mahindi, tuhakikishe kwanza tunamjua kwa jina.