Kabla ya Kulinyanyua Gari

Mazungumzo na wamiliki wa magari na mafundi, Morogoro



Wengi wenu mnayafahamu magari kuliko sisi. Kazi yetu ni kupokea malalamiko ya watumiaji wa bidhaa na huduma. Spana tunazishika kwa nadra. Hata hivyo, malalamiko yakipita mezani kwa muda mrefu humfundisha mtu, na leo tumekuja na jambo moja: kulinyanyua gari.

Sababu zake zinaeleweka. Magari madogo mengi tunayoyaendesha yaliundwa kwa ajili ya barabara za Japani, yakatumika huko, kisha yakaletwa kwetu. Hapa yanakutana na matuta yanayokwangua tumbo, rasta zinazotikisa meno, na njia za mitaani ambazo masika huzigeuza kuwa makorongo. Mwenye gari anapomwambia fundi, "Weka spesa," hatafuti mbwembwe. Anataka kufika nyumbani bila kupasua sampo. Hatukuja kumkataza. Tumekuja kumweleza anachokinunua.

Spesa, iwe ya mpira au ya chuma, hupachikwa kwenye springi na kulipandisha gari kwa sentimita kadhaa. Sehemu nyingine hubaki kama zilivyokuwa. Ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hulazimika kukaa mshazari zaidi. Mabuti ya mpira yanayofunika viungo vyake huchanika mapema, grisi humwagika, mchanga huingia, na baada ya muda husikika ule mlio wa "ka-ka-ka" gari linapokata kona. Boljointi hufanya kazi karibu na ukomo wake. Pembe za magurudumu hubadilika, na asiyepeleka gari kupimwa alaimenti huona matairi yakilika upande mmoja. Uzito nao hupanda juu, hivyo gari huyumba zaidi dereva anapokwepa ghafla mbuzi au bodaboda.

Mlalamikaji mmoja alifika ofisini kwetu na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kutoka kwenye bomba la chuma hadi gurudumuni. Gari lake lilikuwa limenyanyuliwa na kufungwa matairi mapana zaidi. Kila alipokata usukani hadi mwisho, tairi liliusugua mpira huo, mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Aligundua kwa bahati, alipokuwa akibadilisha pedi mwenyewe nyumbani, siku mbili kabla ya safari ya Iringa pamoja na wanawe. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori hahitaji maelezo zaidi.

Gereji ilisema haikugusa breki, na kwa kweli haikuzigusa. Stakabadhi aliyopewa ilikuwa na neno moja tu: "matengenezo". Haikuonyesha spesa ya unene gani iliwekwa, wala tairi la ukubwa gani, wala kama kuna mtu aliyekagua chochote baada ya kazi. Tulimwandikia mwenye gereji barua mbili. Fedha hazikurudi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kulipa, mwombeni fundi aandike alichofunga na vipimo vyake. Wazee mafundi mtuwie radhi: karatasi hiyo inawalinda ninyi pia, maana mteja akiongeza kitu kingine kwa fundi wa mtaa wa pili, lawama haitarudi kwenu. Kazi ikiisha, gurudumu likiwa linaning'inia kwenye jeki, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto, na jambo hilohilo lirudiwe gari likiwa chini. Tazameni mpira wa breki ukivutika na ukilegea. Ukaguzi huo ni wa dakika chache.

Jambo jingine husahaulika. Springi zilizochoka hulishusha gari polepole, na wengi wanaotafuta spesa wanachohitaji ni springi nzima na shokapu nzima za gari lilelile. Wengine wangetosheka na bamba la chuma la kukinga sampo. Wanaotegemea matairi makubwa nao wapige hesabu kwanza: kutoka 185/65 R15 kwenda 205/65 R15, gari hupanda sentimita 1.3 tu, na kipimo cha mwendo kikionyesha 80, mwendo halisi umekwisha kupita 83. Mnapochagua tairi, someni ubavu wake. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lililong'arishwa kwa dawa nyeusi huonekana jipya machoni, lakini tarakimu hizo hazing'arishwi.

(Mjadala wa kuondoa themostati kwa sababu nchi yetu ni ya joto tunauacha kwa siku nyingine, ingawa upande wetu pengine mnaujua.)

Tumesikia pia mabishano kuhusu barabara kabla hata hatujaketi. Wapo wanaosema lami inapasuka kwa sababu mkandarasi aliipunguza. Huenda ni kweli mahali fulani. Lakini majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16. Kwa kanuni hiyo, ekseli moja ya tani 10 huiumiza barabara sawa na ekseli ya gari dogo, yenye nusu tani, ikipita mara 160,000. Ndiyo maana mizani kama ile ya Mikese ipo, ijapokuwa haipendwi. Adui mwingine ni maji: mtaro ukizibwa kwa taka, maji huingia chini ya lami, na shimo huzaliwa hata penye lami nene.

Sehemu kubwa ya fedha za Mfuko wa Barabara hutokana na tozo ya mafuta, kwa hiyo kila mnapojaza tangi mnalipia barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA. Tuta lililojengwa bila alama wala rangi, au refu kiasi cha kukwangua kila gari linalopita, liandikiwe barua: mahali lilipo, tarehe, picha, na stakabadhi ya kipuri kilichoharibika. Kwa maoni yetu, magari mengi hunyanyuliwa kwa ajili ya tuta moja au mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyalalamikia kwa maandishi.

Fomu za malalamiko ziko mezani, karibu na mlango. Jeki iko nje, na mafundi wawili kati yenu wamekubali kutusaidia. Aliyekuja na gari lililonyanyuliwa alisogeze kivulini, tuitazame mipira ya breki pamoja kabla jua halijawa kali.